Mnaopinga Semeni Hapana

Walipoketishwa viti vya mbele, fundi aliingiwa na shaka. Tangu lini? Kwenye mikutano yote ya soko, mafundi cherehani viziwi walikuwa watu wa nyuma, wa kukaa karibu na mafagio. Leo wamepokewa mlangoni, wamepewa mikono, wamepigwa picha na mgeni rasmi. Mkalimani wa lugha ya alama, shati limenyooka, alisimama kando ya Mwenyekiti na kuwatafsiria: leo ni siku yenu, hakuna jambo lenu litakaloamuliwa bila ninyi.

"Tunavishwa kilemba cha ukoka," fundi aliashiria chini chini, mikono mapajani.

Shoga yake, mkata vitambaa, alibana kicheko. "Mtazame Kitambi anavyojipandisha suruali."

Kitambi ndilo jina la Mwenyekiti kwa viziwi. Kwao mtu hana jina mpaka mikono impe, na mikono haina upendeleo.

Mgeni rasmi alipoondoka, wapiga picha walimfuata. Mkalimani naye aliwageukia mafundi, akaashiria, "Narudi sasa hivi," akatoka nyuma ya wakubwa. Hakurudi.

Mkutano ukaendelea. Fundi alijitahidi kusoma midomo, lakini masharubu ya Mwenyekiti yaliificha, na kila mara alikuwa akigeukia ukuta kuonyesha ramani ya soko. Aliponyoosha kidole kwenye kile chumba cha pembeni chenye madirisha makubwa, moyo wa fundi ulipiga paa. Chumba chao! Humo ndimo walimoshonea wote pamoja, cherehani zimepangwa duara ili kila mmoja amwone mwenzake. Nyumbani kwake fundi alikula akitazama midomo ikicheka bila kujua kilichochekesha. Humo chumbani yeye ndiye aliyekuwa akichekesha.

Aliinua mkono aulize. Mwenyekiti alimtolea tabasamu, akamwonyesha dole gumba, akaendelea.

Kisha midomo yote ukumbini ikafunguka, ikafungika, na watu wakapiga makofi. Wenzake fundi walitazamana. Kwa adabu tu, wakainua mikono na kuitikisa hewani, maana ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Fundi naye akatikisa yake.

Ndipo wifi yake alipoingia akihema, mkaa umemganda kuchani, maana ndiyo biashara yake. Alikuwa amejifunza ishara jikoni, akizivunja vunja, lakini zilieleweka.

"Mmeridhia? Na makofi mnapiga!"

"Tumeridhia nini?"

"Chumba kinachukuliwa! Mtatawanywa, kila mmoja kwenye kikundi chake cha wanaosikia. Eti mkikaa pamoja mnajitenga. Eti huko ndiko kushirikishwa!"

"Nani kakubali?"

"Nimemsikia Kitambi nikiwa mlangoni. Wanaosikia wameitikia ndiyo. Kisha kasema, mnaopinga semeni hapana. Kukawa kimya. Basi, kasema, wenyewe wameridhia."

Fundi aliitazama mikono yake kama si yake. Ameitikisa. Ameshangilia kufukuzwa kwake. Kuwauliza viziwi kwa mdomo, kisha kimya chao wakakiita ndiyo! Hata mwizi humngoja mtu alale kwanza.

Alisimama. Mwenyekiti alimpungia mkono akae. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, penye swichi, akazima taa.

Kwao chumbani, ukitaka wote wakutazame, unazima taa na kuwasha. Lakini ukumbi huu ulikuwa chini ya ardhi, hauna hata tundu la dirisha. Giza likawa totoro. Akawasha: midomo imeachama. Akazima. Akawasha. Sasa macho yote yalikuwa kwake, na wenzake walikuwa wamesimama.

"Mwambie aache!" Mwenyekiti alimfokea wifi.

"Mwambie mwenyewe, mheshimiwa. Si umewauliza kwa mdomo, wakaridhia?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akamgeukia fundi, akapanua mdomo kama anayemlisha mtoto uji. Fundi alimwacha apanue mpaka achoke, kisha akaashiria polepole, na wifi akatoa sauti:

"Anasema hawakuulizwa. Anasema waulizwe tena, mkalimani akiwepo, na kura ipigwe kwa mikono."

"Lakini jambo limeshapita! Na mkalimani ameondoka na wageni, ana shughuli nyingine."

Wifi akatafsiri. Jibu la fundi lilikuwa fupi.

"Anasema, basi hata mkutano haukuwepo."

"Dada yangu," Mwenyekiti alilainisha sauti, "hili tumelifanya kwa ajili yao. Kuwatoa upweke."

Wifi akatafsiri yote. Mkata vitambaa alicheka kicheko chake kikubwa kisicho na haya. Fundi hakucheka.

"Muulize: nikiwekwa peke yangu katikati ya watu nisioweza kuongea nao, nani mpweke?"

Mwenyekiti alijipandisha suruali. Mama mmoja wa viti vya kati alipaza sauti, "Mwite huyo mkalimani, baba, tusikeshe hapa," na wengine wakamuunga mkono. Mwenyekiti akatoa simu, akaiweka sikioni, akawapa kisogo.

Mkata vitambaa alimburutia fundi kiti hadi mlangoni. Fundi akakaa chini ya swichi, mkono mmoja umeinuliwa, kidole kikiigusa.

"Mwenyekiti anauliza utangoja mpaka lini," wifi aliashiria.

"Mwambie nimestarehe. Leo nimekaa mbele."