Kikopo cha Bi Mitambo

Simu ilipolia mlio ule, mke wa fundi baiskeli alikuwa mashineni akisubiri unga wake. Mlio wenyewe haukuwa wa mtu kupiga. Ulikuwa wa kile kituo cha hali ya hewa alichokisimamisha shambani kwake: mlingoti wa chuma, kidude cha upepo kinachozunguka juu, kikopo cha kupimia mvua, na kijiti kilichozikwa ardhini kupima unyevu. Akatupa jicho kwenye kioo cha simu. Mvua! Tena si manyunyu, mvua ya kueleweka!

"Imenyesha!" Aliruka mpaka msaga nafaka akadhani amekanyaga waya wa umeme. "Shambani kwangu imenyesha!"

"Mama, nje jua linachoma."

"Hapa kwako linachoma. Kwangu imenyesha!"

Msimwone kichaa, jamani. Baba mkwe wake alishatoa kauli: maharage yakikataa tena msimu huu, shamba la bondeni anapewa shemeji afyatue matofali. Na shamba likishachimbwa matofali ndiyo basi tena, utapanda maharage kwenye mashimo? Mbegu alikuwa na gunia moja tu. Manyunyu ya kwanza yalipodondoka, majirani walipanda mbio mbio. Yeye kijiti kikamwambia chini bado kukavu, akajikaza, akangoja, wakamcheka mpaka mbavu zikawauma. Shemeji ndiye aliyembandika jina la Bi Mitambo, likamganda. Mbegu za majirani ziliota, zikaliona jua, zikafa. Kucheka hawakuacha.

Akampigia mumewe. "Baba watoto, waite watu! Fungueni gunia, leo tunapanda!"

"Nije na jembe au na mwavuli? Maana huku naona vumbi tu."

"Njoo na vyote!"

Unga aliusahau hukohuko. Alitoka nduki, viatu mkononi, vumbi la njia likimrukia hadi magotini, naye anajipa moyo kwamba mvua siku hizi zinanyesha kwa vipande. Kufika shambani, watu wameshajipanga na majembe, gunia limefunguliwa, baba mkwe kaletewa kiti, shemeji kakunja mikono. Bi Mitambo akainama, akachota udongo. Ulikuwa mkavu kama unga aliouacha mashineni.

Akatazama simu tena, safari hii kwa utulivu. Kikopo kinasema mvua, kijiti kinasema chini kukavu. Hapo kuna mmoja anadanganya.

Akaenda mlingotini. Na nani huyo? Mama mkwe, jagi mkononi, anamimina maji kwenye kikopo taratibu, kama anamnywesha mgonjwa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nimekikuta kikavu, mwanangu, nikakihurumia. Si ndicho kinachoita mvua? Nimekiongezea, labda kina kiu." Halafu akashusha sauti. "Sitaki wakunyang'anye shamba lako."

Utamgombezaje mtu kama huyo? Bi Mitambo alitaka kulia, akataka kucheka, vikatoka vyote kwa pamoja. Akamkumbatia na jagi lake.

"Vipi, Bi Mitambo?" shemeji akapaza sauti. "Tupande, au mama akachote maji mengine?"

Watu wakaangua kicheko. Mumewe akamsogelea sikioni. "Tupande tu, mke wangu. Watu wameshakuja, tutaficha wapi nyuso?"

Uso ulimwaka kwa aibu, hilo halifichiki. Lakini gunia lilikuwa moja, na udongo bado uko kiganjani mwake.

"Rudisheni mbegu guniani," alisema. "Hatupandi."

"Kauli yangu unaijua," baba mkwe akasema.

"Naijua, baba. Ulisema maharage yakikataa. Haya hayajakataa, hayajapandwa."

Mzee akaomba maji ya kunywa. Mama mkwe akampa yaliyobaki kwenye jagi.

Siku zikapita, jua likizidi kiburi. Shemeji akaleta kalibu zake za matofali, akazipanga pembeni mwa shamba, anapiga mluzi. Bi Mitambo usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Alasiri moja alikuwa karakanani akimshikia mumewe gurudumu, mlio ukalia. Kikopo: mvua. Safari hii hakuruka. Aliuma mdomo, akakodolea macho mstari wa kijiti. Nao ukapanda kidogo. Ukapanda tena. Chini kunalowa, jamani, chini kabisa! Gurudumu likamponyoka, likaenda zake barabarani.

Akatoka mbio kulifuata. Bondeni mbingu ilikuwa nyeusi tii, na kwenye njia ya shambani mtu anapandisha kilima huku anakimbia, kalowa chapachapa, khanga imemganda mwilini. Alikuwa mama mkwe. Alipomwona mkwewe akainua mikono yote miwili juu, mitupu, avione viganja vizuri.

"Mara hii si mimi!" alipiga kelele. "Wallahi si mimi, mwanangu! Fungua gunia!"