Bangili Sita za Rangi ya Dhahabu

Siku aliyotakiwa mama yake kufunguliwa bandeji ya jicho, Fundi Makochi alifunga karakana mapema, akajikung'uta vumbi la sponji, akaenda kuchukua bangili. Mama, aliyekuwa haoni vizuri kwa miaka mingi, alikuwa amesema wazi, tena mbele ya daktari:

"Nikifunguliwa, cha kwanza nataka kuona bangili zangu. Sura zenu nazijua."

Daktari alicheka. Fundi naye akacheka, lakini chake kilikuwa kicheko cha mdomoni tu. Bangili hazikuwa nyumbani. Miaka miwili nyuma, wezi walipovunja kwa jirani, alizitoa kwenye sanduku la nguo la mama na kuzipeleka kwenye kampuni inayokodisha visanduku vya kuhifadhia mali. Mama aling'aka.

"Kitu changu kikalale kwa watu nisiowajua?"

"Mama, kuna mlango wa chuma, unene wake shibiri nzima."

"Na ukifungwa, nani anabaki nje?"

Fundi alishalipa ada ya mwaka.

Kampuni ilikuwa chini ya ardhi, ngazi kumi na nane kutoka duka la miwani. Kila kisanduku kilikuwa na funguo mbili, mmoja wa mteja na mmoja wa karani, na mmoja peke yake haufui dafu. Walifungua pamoja, karani akarudi mezani kwake, fundi akabeba kisanduku chake hadi kwenye kijichumba chenye pazia. Bangili zilikuwepo, zote sita. Alikuwa anazifuta kwa upindo wa gauni aliposikia vishindo vya viatu ngazini.

"Kila mtu asimame alipo! Hakuna kutoka na kitu!"

Alichungulia. Askari wanne, na mbele yao afande mwanamke mwenye karatasi mkononi. Akasoma kwa sauti: mwenye kampuni anatuhumiwa kuficha mali ya wizi; kwa amri ya mahakama, visanduku vyote vinashikiliwa.

"Mimi nina medali za marehemu mume wangu tu," alisema muuguzi mmoja mstaafu.

"Rudisha, mama. Andika ulichonacho, uchunguzi ukiisha utaitwa."

"Lini?"

"Ukiisha."

Nyuma ya pazia, fundi alizitazama bangili. Alijua mama amekaa kitandani hospitali anahesabu saa. Basi akafanya alichofanya. Alikunja kidole gumba, akatema mate mkononi, akaanza kuzisukuma bangili. Mama ni mwembamba kama ufito. Yeye miaka ishirini amevuta ngozi za makochi na kukaza kamba za springi, kiganja kimejaa kama mkate. Ya kwanza iliingia ikimchubua ngozi. Ya sita ilimtoa machozi. Akashusha mkono wa gauni, akatoka na kisanduku kitupu, shingo kaikaza.

"Nyoosha mikono," afande alisema.

Akanyoosha. Bangili zikalia zenyewe.

"Vua."

Alivuta. Alizungusha. Akavuta tena mpaka karani akageuza uso. Mkono ulishaanza kuvimba.

"Zimekataa, Afande."

"Zimekataa, au umekataa wewe?"

Wateja wengine waliandikwa majina, wakapanda ngazi mmoja mmoja. Yeye akakalishwa kwenye benchi, hatua nne tu kutoka lango la nondo, nalo liko wazi. Askari mmoja alileta koleo.

"Tunakata mara moja tu, unaenda zako."

"Anza na mkono."

Afande akachuchumaa mbele yake, akasema kwa upole, na upole huo ukamtisha fundi zaidi. "Nisikilize, dada. Hizo sasa ni ushahidi. Zisipotoka, na wewe hutoki. Una risiti?"

"Mama alivishwa siku ya harusi yake! Nani anapewa risiti harusini?" Akamgeukia karani. "Mwambie basi. Mwambie ni zangu."

Karani aliinama. "Mkataba unasema hatujui mteja anaweka nini. Hukusoma?"

"Nilisoma kuwa ni siri."

"Ndiyo hiyo siri. Nitaapaje kwa kitu nisichokijua?"

Usiri huo ndio alioulipia fundi kwa furaha, akiona ameula. Juu ya ukuta kulikuwa na kidirisha usawa wa barabara. Aliona viatu vikipita, vya watu wanaokwenda wanakotaka. Saa nane ikapita. Saa tisa. Mkono ulipwita, na kila akiusogeza zile bangili zinalia na askari wote wanageuka.

Simu ikaita. Mdogo wake.

"Dada, uko wapi? Mama kashafunguliwa! Anaona, anasoma mpaka tarehe kwenye chupa ya dawa. Anakuulizia."

"Nipo njiani."

Afande aliinua nyusi. Simu ikachukuliwa na mama.

"Mwanangu, njia gani hiyo isiyo na gari hata moja?"

Hapo fundi alishindwa. Alisema yote, kisanduku, askari, koleo, akilia kwa kwikwi mtu mzima mwenye karakana yake.

"Usikate kitu," mama alisema. "Nakuja."

Alikuja saa kumi, amevaa miwani nyeusi, ameshikwa mkono na mdogo wake fundi. Ngazi zote kumi na nane alishuka akiziangalia moja moja. Fundi alinyoosha mkono ili mama aone bangili. Mama alivua miwani, akauinamia.

"Huu mkono umekuwa hivi tangu lini?"

"Mama, bangili..."

"Nimeziona. Nakuuliza mkono." Akapitisha kidole kwenye makovu ya sindano na misumari. "Miaka yote hii naushika, sikujua."

Mama akaomba sabuni na maji, kisha akauinua ule mkono juu, akaushikilia vile vile nusu saa nzima mpaka uvimbe ukapungua. Alipaka povu, akabana kidole gumba, akavuta polepole. Kila moja ikitoka, anamweleza afande. "Hii imechongwa majani, jani moja limefutika. Hii ina meno, ameing'ata huyu huyu wakati anaota jino la kwanza. Andika."

Afande aliandika. Mama akaitwaa karatasi, akaisogeza karibu na jicho jipya.

"Bangili sita za *rangi* ya dhahabu? Rangi?"

"Mpaka mtaalamu apime, mama. Ndiyo sheria."

"Haya. Meno umeyaandika?"

"Nimeyaandika."

Zikaingia kwenye mfuko, mfuko ukapigwa lakiri. Wakapanda ngazi watatu, mikono mitupu.

Miezi tisa baadaye waliitwa. Jani lililofutika lilikuwepo, meno yalikuwepo, na afande mpya alilinganisha na maelezo ya mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakarudishiwa bangili tano. Ya sita, ile laini isiyo na alama yoyote, haikuonekana, na hakuna aliyejua ilipotelea mkononi mwa nani. Waliambiwa waandike barua. Mama aliiandika mwenyewe pale pale kaunta, ukurasa mzima, na fundi akasimama kwenye foleni kuipeleka dirishani.