Asubuhi Mzee Kasimiri Asipolalamika

Katika nyumba ya wazee ya misheni, nje kidogo ya Sumbawanga, mwaka 1953, hakuna aliyekuwa na ulimi mkali kama mzee Kasimiri. Ujanani alikuwa mfua chuma, na uji wa ulezi wa pale hakuwahi kuusifu hata siku moja. Bertilla, mhudumu wake kwa miaka miwili, alikuwa amezoea: akishamwamkia tu, lawama zinaanza.

Jumanne moja hazikuja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Epifania," mzee akajibu taratibu. Epifania alikuwa mkewe, aliyezikwa kijijini Matai miaka mingi nyuma. Kijiko kikamponyoka, wala hakukitazama.

Mama Stefania, mpishi, akamgusa paji la uso. "Hana homa. Uzee huo, mwanangu. Mwache alale."

Bertilla hakuridhika. Jana tu mzee alikuwa akiwataja wajukuu wake wote kwa majina. Uzee gani unaoingia kwa siku moja? Akamwekea kiganja mgongoni. Mbavu zilipanda na kushuka upesi upesi, kama za mtu aliyetoka kupanda mlima, naye amekaa kitini. Bertilla akatoka mbio kumwita Sista Kristiana, muuguzi.

Sista alisikiliza kifua kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika. "Nimonia. Mkalishe, mwegemeze mito." Akamchoma sindano ya penisilini, dawa iliyokuwa bado ngeni Ufipa.

"Lakini hana joto, Sista."

"Wazee wengine mwili hauchemki. Akili ndiyo hutangulia kuyumba. Ungengoja homa, tungemzika."

Siku mbili Bertilla alimnywesha maji kijiko kwa kijiko, sindano zikifuatana. Siku ya tatu, jua lilipoingia dirishani, pumzi zilikuwa zimetulia. Mzee akafumbua macho.

"Bertilla," akasema.

Bertilla akaketi sakafuni. Hakujua kama analia au anasali. Mtu alikuwa ameshafika mlangoni pa kaburi, kimyakimya, mbele ya macho ya watu wote, na sasa yuko hapa, kifua chake kinapanda na kushuka bila haraka. Akakitazama kama mtu anayeona moto kwa mara ya kwanza.

"Kuanzia kesho wewe ndiye utakayewapitia wazee wote kila asubuhi," Sista akasema kwa sauti ya chini. "Ukiniambia fulani si yule wa jana, nitakuja hata kama niko kanisani."

Bertilla akaitikia kwa kichwa.