Wauguzi wa Kuazima

Bi Najiat, matroni wa wodi ya wazazi, ni mzaliwa wa Tabora mjini, na watu wa mji ule kwa kupokea wageni hawajambo. Tangu enzi za misafara ndivyo walivyo: mgeni akibisha hodi, mwenyeji huchungulia kwa jirani akaazima mkeka, akaazima sinia, hata kuku, ilimradi mgeni asijue kwamba ndani hamna kitu. Basi aliposikia kuna mtu anakuja kupima kama wauguzi wa wodi yake wanatosha, alifanya kama alivyolelewa. Akaazima wauguzi.

Aliwapigia simu wote waliokuwa mapumziko, akawaambia waje na sare zilizonyooshwa. Na walikuja, maskini ya Mungu, macho mekundu kwa usingizi. Mpimaji, bwana mmoja mpole aitwaye Sixbert, alizunguka na saa yake akitazama kila kazi inachukua muda gani na inafanywa na nani. Kutwa nzima hakuna mzazi aliyeita asiitikiwe. Jioni Sixbert akamwambia matroni, tena kwa nia njema kabisa, kwamba kesho ikiwa kama leo, atapendekeza muuguzi mmoja ahamishwe, maana hapa wamezidi.

Wamezidi! Asmahani alipolisikia neno hilo alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Yeye alikuwa mkunga tu, binti wa Kwihara asiye na cheo. Siku chache nyuma alikuwa peke yake leba, wanawake wawili wakisukuma kwa pamoja. Alimpokea mtoto wa mmoja, na alipogeuka, Ngollo wa Lusu alikuwa amekwisha kujifungua mwenyewe, na mtoto hakulia. Hakulia kabisa. Tangu hapo hasira ilikuwa imemkaa Asmahani kooni, haimezeki wala haitemeki. Sasa mtu anasema wamezidi, na kesho apunguzwe mmoja?

Akaingia ofisini kwa matroni, akaamkia, akaitikiwa. Akamwomba amweleze mgeni ukweli. Bi Najiat alitikisa kichwa. Mambo ya ndani hayapelekwi barazani, alisema. Yule bwana ataandika kuwa matroni ameshindwa kazi, na yeye kazi hii ameifanya tangu Asmahani hajui kufunga kilemba.

"Mficha uchi hazai, mama," Asmahani akasema.

Jibu lilikuwa amri: kesho, ingawa ni siku yake ya mapumziko, aje asubuhi na mapema.

Akaja. Lakini alikuja na dera na mtandio, akaketi kwenye benchi la nje, katikati ya akina mama wakwe na chupa zao za uji. Kila muuguzi wa kuazima aliyefika, Asmahani alimvuta mkono akamweleza alichosema mgeni jana. Hawakuwa wamesikia. Limbu, aliyekuwa ameacha mtoto mgonjwa nyumbani ili aje kupamba wodi ya watu, alivua kofia yake akaketi. Wengine nao wakaketi. Ndani akabaki Julieth, ambaye ndiye hasa aliyekuwa zamu.

Bi Najiat akatoka, na Sixbert nyuma yake na saa yake.

"Vaa sare, Asmahani."

"Leo si zamu yangu, mama. Mwenye zamu ni Julieth. Apimwe Julieth."

Matroni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba barua ya kujieleza ataipata leo hii, na kazi ataitafuta kwingine. Asmahani aliogopa, tusidanganyane. Ana mama wa kulisha. Ila hakuinuka. Akasema barua iandikwe, atajieleza, na hili la Ngollo atalieleza pia.

Ndipo Julieth alipoita kutoka leba. Wawili kwa pamoja, na mikono yake imeshika mmoja. Benchi zima likasimama. Asmahani alikuwa ameshafika mlangoni, ukaidi wote ameuacha nyuma, lakini Bi Najiat alimpita kwa kasi ambayo hakuna aliyemdhania kuwa nayo, akavuta glavu, akapotelea nyuma ya pazia. Kisha mtoto akalia, na akina mama wakwe wakapiga vigelegele.

Sixbert alisogea karibu na pazia, akakohoa kwa adabu. Matroni, alisema, hahesabiwi kwenye wauguzi wa zamu. Sasa huyu mzazi wa pili aandike amehudumiwa na nani?

Bi Najiat akatoka, jasho linamtiririka, damu imemfika kwenye viwiko. Alimtazama Asmahani, na hakukuwa na upole katika macho yale.

"Andika hakuhudumiwa na mtu," akasema. "Na ya jana futa yote. Hii ya leo ndiyo wodi yangu."