Barua ya Utambulisho ya Insulini

Usiku wa jana, baada ya kumpa binti yangu Nakiete uji mara mbili ili asianze tena kutetemeka, niliota nimefungua ofisi ndani ya mwili wake.

Ilikuwa ofisi yangu ileile ya serikali ya mtaa, ambako nimekuwa mtendaji kwa miaka kumi na tisa. Benchi la wageni lilikuwepo, kalenda ya mwaka juzi ilikuwepo, muhuri ulikuwa mezani. Ila kuta zilikuwa na uvuguvugu na zilikuwa zinapumua. Hilo halikunishangaza. Kilichoniudhi ni kwamba watu walishapanga foleni kabla sijafagia.

Wa kwanza alikuwa kijamaa kifupi, amevaa koti la vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa vifungo.

“Shikamoo, mtendaji. Mimi ni Insulini. Naomba barua ya utambulisho.”

“Marahaba. Mkazi wa wapi?”

“Hapahapa. Nimezaliwa kwenye kongosho. Kazi yangu ni kuifungulia sukari milango ya nyumba za watu.”

“Sasa mzaliwa wa hapa anataka barua ya nini?”

“Sungusungu wamenikana,” akasema, machozi yakimlengalenga.

Nachungulia dirishani. Walinzi wa mwili, sungusungu wenye filimbi na rungu, wanamkamata kila Insulini anayepita. Ndugu zake wamejazwa kwenye banda la kuku. Walinzi wakichoka kuwashika, wanawaachia wote kwa mpigo, nao, kwa kuwa wamechelewa kazini, wanakimbia kufungua kila mlango. Sukari yote inaingia majumbani. Barabara inabaki tupu, na ardhi inaanza kutetemeka.

Ardhi hiyo ni mwanangu.

“Kamanda!” nikaita. “Huyu ni mzaliwa. Kosa lake nini?”

Kamanda wa sungusungu akapiga saluti. “Mtendaji, sisi tunafuata sheria. Kila mkazi analetwa mbele yetu juu ya sinia la ukoo, tunamkagua hapo. Akionekana mwenzetu, anapita. Huyu, kwenye sinia la kwenu, anaonekana mwizi.”

“Lileteni hilo sinia.”

Hakuna aliyesogea, lakini ofisi ikawa jiko la mama yangu kule milimani Upare, na mama mwenyewe akaingia na sinia kichwani. Mama alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Binti yangu amerithi jina lake, ndiyo maana nami humwita mtoto “mama”.

Sinia nililijua. Lina bonde upande mmoja. Kamanda akamlaza Insulini juu yake, kijamaa akabingirika hadi bondeni, koti likampanda usoni, na kweli, hata mimi niliona mwizi. Filimbi zikalia.

“Mama, sinia hili limemfikiaje mtoto?”

“Si umempa wewe?”

Nikafungua vifungo vya shati. Sinia kama lile lilikuwa kifuani mwangu, na bonde lake vilevile. Mbele yake walinzi wangu walikuwa wamelala fofofo.

“Sinia peke yake halimkamati mtu,” mama akasema. “Lakini daktari angeambiwa lipo, angejua aanzie wapi kutafuta. Alipokuuliza kule hospitali, siku ya Jumanne, ulimjibu nini?”

Nikaitazama kalenda.

Mama yangu alikuwa akitetemeka asubuhi kabla ya chai, akitoka jasho na kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Watu walisema ana pepo. Wakwe zangu walipotuma mtu kuuchunguza ukoo wetu, kama kuna kifafa, kama kuna pepo, baba mdogo alinikanyaga mguu chini ya meza, nikasema hakuna. Nikapewa mke. Siku hiyo ya Jumanne daktari aliuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuwa hivi. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikasema hakuna. Ulimi ulishazoea.

“Niandikie, mtendaji,” Insulini akasihi. “Ardhi inatetemeka tena.”

Nachukua fomu. Naandika mbiombio. Palipoandikwa Magonjwa ya Ukoo najaza: Hakuna. Nainua muhuri.

Muhuri haushuki.

“Sigongi,” unasema.

“Wewe ni mali ya ofisi.”

“Miaka kumi na tisa nimegonga kila ulichoniletea. Nimemthibitisha hata marehemu kuwa mkazi mwenye tabia njema. Hiki sigongi.”

Nausukuma kwa mikono miwili. Kichupa cha wino kinapinduka. Kuta zinapumua harakaharaka, jasho linachuruzika juu ya kalenda, na kutoka juu ya bati nasikia sauti ya mtoto ikiita baba, baba. Sijawahi kuogopa namna hii. Nakata neno Hakuna. Naandika: Mama yangu, Nakiete. Alikuwa hivihivi.

Muhuri ukashuka wenyewe, pu!

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani kwa mtoto, akimnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Mto ulikuwa umelowa jasho, lakini macho ya Nakiete yalikuwa yameanza kututambua.

“Baba Nakiete, hebu njoo uone. Nani kamchora mtoto?”

Akakifungua kiganja cha Nakiete. Katikati palikuwa na muhuri wa ofisi yangu, wino wa zambarau haujakauka, na tarehe ya leo. Leo ni Jumapili. Muhuri niliufungia kabatini Ijumaa, na tarehe yake haibadiliki mpaka niizungushe mwenyewe kwa kidole.

Mke wangu akalamba kidole gumba, akasugua. Haukutoka. Akasugua tena.

“Mama Nakiete,” nikasema, “acha kusugua. Nisikilize. Mama yangu hakuwa na pepo.”