Sitoi Mji

Mjane alimfungulia mgeni mlango, akamwonyesha kiti, akaenda kuchemsha chai. Tangu mazishi mambo yake yote yalikwenda hivyo: mikono inafanya, mwenyewe hayumo. Wakimpa pole alijibu asante, kama aliyerudishiwa chenji.

Mgeni alikuwa mkusanyaji wa vitabu. Alitafuta vile tu ambavyo Kalamu Ndefu, mwandishi aliyejulikana hata na wasiojua kusoma, alimpa rafiki yake vikiwa na maneno ya mkono wake ukurasa wa kwanza. Rafiki huyo ndiye marehemu mume wa mjane. Naye alikuwa mwandishi, ila yeye alisomwa na majirani na shemeji zake. Vitabu hivyo marehemu aliwaazima watu ovyo, vikatawanyika kama kuku wa mtaa, na mgeni alishavikamata vyote. Kilibaki kimoja, cha humu ndani.

"Kila kimoja kina kitendawili, mama," alisema mgeni akivua koti na kulitundika kitini. "Na marehemu alikuwa akimjibu. Jibu la hiki sijaliona."

"Hakujibu." Mjane akakichukua kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza.

*Kwa mwenzangu: Kaondoka, nguo kaiacha. Ukishindwa, nipe mji.*

"Rahisi! Nyoka, kajivua gamba."

"Ndivyo alivyosema marehemu. Kalamu Ndefu alimcheka kwenye simu mpaka akapaliwa. 'Nyoka ni la watoto, bwana. Nipe mji!' Mume wangu akasema, 'Sitoi mji, ng'o!' Akahangaika nacho mpaka wodini. Akatangulia mwenzake kaburini, kisha yeye." Mjane akamsogezea kikombe. "Sasa, mwanangu, nikikupa kitabu hakijajibiwa, nitakuwa nimemtolea mji mimi. Na mwenyewe alikataa."

"Basi tujibu. Kitunguu?"

"Kitunguu huondoka na nguo zake zote."

"Ndizi na ganda lake?"

"Huyo kaliwa, hakuondoka."

Macho ya mjane yalitua nyuma ya mlango, kwenye msumari. Koti la marehemu lilikuwa pale, kola imelegea kwa shingo yake, mfuko umetuna leso. Kila asubuhi alilipita akienda kufagia.

"Ni marehemu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mgeni akatua kikombe polepole. Mjane alingoja kidogo, huenda machozi yangekuja sasa. Hayakuja. Akachukua kalamu, akaandika jibu papo hapo chini ya mwandiko wa Kalamu Ndefu. Mgeni alishtuka kama aliyechomwa sindano.

"Chukua," alisema mjane, akikifunga kitabu kwa gazeti. "Mji haukutoka."

Mgeni alipokwenda, mjane alikaa akiyatazama makoti mawili, moja msumarini, moja kitini. Chai ikapoa.

"Hodi! Samahani, mama, nimesahau koti."

Akampa.

"Wewe umerudi," alisema, akafunga mlango.