Jino la Mzee Bonaventura

Jino la dhahabu la Mzee Bonaventura lilichomoka katikati ya sala, alipopiga chafya kanisani Ilongero, likatua kwenye kapu la sadaka. Alilichukua mbele ya waumini wote, akisema Mungu hana shida ya meno.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Singida mjini, kwa Ramila, sonara aliyerithi kazi ya baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nataka mkufu." Akaliweka jino mezani.

Ramila akalitazama. "Mkufu wa kuku?"

"Wa Jesca, yule mjane anayeuza mafuta ya alizeti. Nataka kumposa. Nasikia dhahabu huvutika. Basi ivute mpaka izunguke shingo."

Ramila alimweleza kuwa ile ingetosha hereni tu, lakini mzee hakusikia. Basi akaliyeyusha jino, akalifua likawa kijiti, akachonga ncha. Alikuwa na bamba la chuma lenye matundu, kila moja dogo kuliko lililotangulia. Akapitisha ncha kwenye tundu la kwanza, akaivuta kwa koleo. Kijiti kikatoka kimekonda na kurefuka. Tundu la pili, la tatu. Kila baada ya kuvuta mara mbili tatu aliipasha dhahabu moto ilainike, maana kuvutwa huifanya ngumu.

Bonaventura alipoona uzi unarefuka, tamaa ikampanda. Ramila alipogeuka kumhudumia mteja, mzee akashika koleo.

"Mzee, usivute! Bado sijaipasha moto!"

Mzee alikuwa ameshakanyaga mguu wa meza, anavuta kama anayemzalisha ng'ombe. Uzi ukakatika. Akaanguka chali, kofia huku, yeye kule.

"Umeumia, mzee?"

"Mkufu ndio umeumia."

Ramila alimnyanyua, akampa chai, kisha akaviokota vipande viwili vya uzi. "Shingo tumeikosa," alisema. "Masikio yapo mawili." Akavipasha moto, akavikunja vikawa hereni.

Jioni, huko Ilongero, Jesca alizipokea pamoja na maneno ya posa, akazigeuzageuza. "Dhahabu umeitoa wapi?"

Bonaventura akashindwa kudanganya. Alifungua mdomo, akaonyesha pengo.

Jesca alicheka mpaka akakalia dumu la mafuta. "Yaani nivae jino lako masikioni?"

"Limeyeyushwa, mama. Limekwisha kuwa safi."

"Tutaona." Akazitia hereni kwenye sufuria ya maji ya chumvi, akazichemsha kama maharage, mzee akingoja kwenye kigoda, jasho likimtoka. Mwisho akazivaa, akajitazama kwenye kioo.

"Marehemu hakuwahi kunipa hata kucha," alisema. "Posa nimeisikia. Nitakujibu baada ya mavuno. Hereni sirudishi."

Bonaventura alirudi nyumbani kwa miguu, hajui kama amekubaliwa au ameporwa, lakini anacheka peke yake njiani.

Alizeti ilipokwisha kuvunwa, Jesca alimtumia ujumbe: aje, na aje amenyoa.